Wekundu Kwenye Mlango Wetu

Mwanangu Hansa,

Habari za masweta, dawa za mafua na namba za simu za watu wa Makete baba yako ameshakupa, na kesho stendi atakupa tena, kwa hiyo mimi siziandiki. Nimekaa dukani, kwenye kaunta, nyuma ya makopo ya rangi. Nyinyi wawili mmekwenda Lyamkena kumuaga Mama Baraka, na najua mtachelewa, kwa sababu yule mama hamwachi mtu aondoke kwake kabla hajala. Ukungu umeshuka mpaka barabarani na wateja hawaji. Nimepata nafasi ya kukujibu lile swali la jana.

Ulikuwa unapanga begi. Ukashika kisanduku cha bati cha bibi yako, chenye taa yake ndogo ya shaba, kikopo cha kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, na ile picha ya mungu wao Lakshmi iliyofifia rangi, ukaniuliza, "Mama, hivi nivichukue au niviache?" Nikasema ngoja kwanza, nimeacha sufuria jikoni. Hakukuwa na sufuria jikoni.

Nilikimbia kwa sababu ninaogopa. Kwamba mtoto wangu anakwenda mbali kuanza kazi, hiyo hofu ndogo ninaimudu, kila mama anayo. Ninayokuandikia ni nyingine. Unakwenda kuwa muuguzi kwenye zahanati ya kijiji ambako watu hawajawahi kukaa na Mhindi. Wewe ni nusu Mhindi na nusu Mbena, wao ni Wakinga, na hawatajua wakuweke wapi. Watakuletea watoto wao wakiwa na homa. Wengi watapona mikononi mwako. Wachache hawatapona, ndivyo kazi yako ilivyo, hata uwe hodari namna gani. Na siku mtoto wa mtu asipopona, mama yake atatazama kila kilichomo chumbani kwako.  Naona macho ya mama aliyefiwa yanatua juu ya kikopo chenye unga mwekundu.

Macho hayo nimeshayaona. Yalisimama hapa hapa, mbele ya duka hili, ulipokuwa na miaka sita. Hatujawahi kukusimulia vizuri. Baba yako alisema ukikua utasahau, na mimi nikakubali, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini hukusahau yote. Uliwahi kuniuliza kwa nini harufu ya saruji inakufanya moyo uende mbio, wakati umezaliwa kwenye duka la saruji. Nikakwambia ni vumbi.

Sasa nisikilize nikueleze, nianzie mbali kidogo.

Mimi nilizaliwa Matembwe, kwenye nyumba ya Walutheri. Babu yako alipasua mbao, na Dinesh, baba yako, alikuwa kijana wa Kihindi kutoka Makambako aliyekuja kununua. Habari za mapenzi yetu unazijua, alikusimulia akiwa na furaha na akaongeza chumvi. Asichokusimulia ni jinsi nilivyoingia kwenye nyumba hii nikiwa natetemeka. Kwetu walikuwa wamenionya kwamba Wahindi wanaabudu masanamu na kwamba nitalishwa vitu. Na ndani nilimkuta Ba, mama yake, mjane mfupi aliyevaa sari nyeupe na sweta la kiume juu yake kwa ajili ya baridi. Alizaliwa Iringa, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliniangalia miguu.

"Viatu," akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mkwe wangu. Nikavivua pale mlangoni. Kesho yake akaniambia huku kwao mtu haingii jikoni kabla hajaoga. Jioni akaniita nikae karibu naye wakati anawasha taa ya samli. Niliona kama nimeingizwa jeshini. Nikavumilia kidogo, halafu siku moja nikamuuliza sababu, nikitegemea atakasirika.

"Viatu vimetoka barabarani," akasema. "Barabara ibaki barabarani."

"Na kuoga?"

"Ukioga unaamka. Mpishi aliyelala anaunguza."

"Na taa?"

Akafikiri. "Taa ni ili watu wakae kimya kidogo kabla hawajaanza kugombana juu ya chakula."

Nikacheka, na yeye akacheka. Kisha nikamuuliza habari za ile ndimu na pilipili saba za kijani alizozifunga kwa uzi na kuzitundika juu ya mlango wa duka. Baba yako alikuwa anasema zinazuia kijicho. Ba hakusema hivyo. Alisema, "Hiyo sijui inafanya nini. Mama yangu alikuwa anatundika. Jumamosi nikipita bila kutundika, namwona amesimama pale ananitazama."

Nilimpenda kuanzia hapo. Mtu anayesema sijui unaweza kuishi naye.

Sitaki udhani nilimeza kila kitu. Alitaka mwanamke akiwa kwenye siku zake asikanyage jikoni wala asiguse taa. Nikakataa katakata. Tulinuniana muda mrefu, baba yako akawa anakula katikati yetu kama mtu aliyekaa kwenye mpaka wa nchi mbili. Mwishowe Ba akasema yeye ni mzee, macho yamechoka, haoni vizuri nani kagusa nini. Mambo yakaishia hapo. Jumapili nilikwenda kanisani, jioni nilikaa naye kwenye taa, na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa upande gani ila watu wa nje.

Basi mwaka ule wa miaka yako sita baba yako alinunua lori. Lilikuwa limetumika, lakini kwetu lilikuwa jipya. Kwa Wahindi gari halianzi kazi bila kuombewa. Asubuhi Ba alitoka na sinia, akachora alama ya heri kwa kumkum kwenye boneti, akaweka ndimu chini ya matairi ya mbele, akavunja nazi kwenye ngazi ya duka. Baba yako akawasha, akapita juu ya zile ndimu zikapasuka, akaondoka kwenda Njombe kufuata mbao. Watoto wa mtaa walikuwa wamejaa, kama kawaida yao, wakisubiri nazi na sukari. Ba akawagawia kwa mkono wake. Mmojawapo alikuwa Oliva, mtoto wa mama aliyekuwa akiuza chai na vitumbua karibu na stendi. Alikuwa mkubwa kwako kidogo.

Ilikuwa ni wakati ule ambapo watu wa mkoa huu walikuwa na hofu ya watoto kupotea na kuuawa. Sitaandika mengi juu ya hilo. Wazazi waliwasindikiza watoto shuleni na kuwafuata. Mgeni akiuliza njia, alirudishiwa maswali. Hofu ilikuwa kwenye maji na kwenye chakula, na mimi pia nilikuwa nayo, sikukuruhusu uende hata kwa Mama Baraka, ambaye wakati huo alikuwa mlango wa pili.

Kabla ya saa saba mchana mama yake Oliva alikuja dukani.

"Kamwene, Mama Hansa. Oliva yuko hapa?"

"Kamwene. Alikuwepo asubuhi, alikula nazi na wenzake wakaondoka."

"Wenzake wapo. Yeye hayupo."

Akainamisha kichwa. Nikamwona anatazama chini, nami nikatazama alichokuwa anakitazama. Ngazini palikuwa na kifuu cha nazi. Barabarani palikuwa na ndimu zilizopondwa. Kumkum ilikuwa imemwagika kwenye sinia, ikatiririka na maji ya nazi, na kuacha mstari mwekundu kwenye saruji ya ngazi, na mwingine kwenye fremu ya mlango pale Ba alipopitisha kidole chake. Juu yake zilining'inia pilipili. Vitu nilivyokuwa nimevizoea, siku hiyo niliviona kwa macho ya msichana aliyetoka Matembwe.  Mama Oliva aliondoka kinyumenyume, akaanza kukimbia alipofika barabarani. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Nikachukua ndoo na sabuni.

Ba alitoka ndani. "Unafanya nini?"

"Nafuta."

"Acha."

"Ba, wewe huwajui hawa watu. Mimi nawajua, ni watu wangu."

"Ukifuta, umesema ni kitu cha kuficha," akasema. "Acha kama kilivyo."

Sikumsikiliza. Nilipiga magoti nikasugua. Kumkum ikishika maji haiondoki, Hansa, inazidi kuwa nyekundu. Nilikuwa bado nimepiga magoti, kitambaa chekundu mkononi, maji mekundu yanashuka kwenye mtaro, nilipoona miguu. Kwanza miwili mitatu, halafu mingi. Mwanamume mmoja, ambaye nilikuwa nimemuuzia misumari wiki ile ile, alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Anafuta damu."

Sijui niliinukaje. Nakumbuka nilikukuta unachora sakafuni, nikakubeba hadi stoo, nikakulaza nyuma ya mifuko ya saruji na kukufunika gunia. Nikakwambia usikohoe. Uliuliza kama tunacheza. Nikasema ndiyo. Kisha nikarudi mbio ili nishushe mlango wa chuma, nikakuta siwezi. Ba alikuwa ameweka kigoda chake pale pale mlango unaposhukia, amekaa.

"Ba, ingia ndani."

"Tukifunga watachoma," akasema kwa Kigujarati, bila kugeuka.

Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Kijana mmoja alishika kipande cha tofali, amekiegemeza kwenye paja kama mtu aliyesahau kwamba amekishika. Watu wenye hasira niliwahi kuwaona kabla ya hapo, sokoni na hata msibani. Hawa walikuwa wanaogopa. Mwenye hasira unaweza kumwomba radhi. Aliyeogopa utamwomba nini?

Ba akaita, "Leteni chokaa. Mama Hansa, nipe chokaa kutoka rafu ya chini, na manjano kutoka jikoni."

Nilimletea. Aliweka unga wa manjano kiganjani mwake, ukawa wa njano kama kila mtu anavyoujua. Akaongeza chokaa kidogo na matone ya maji, akasugua kwa kidole. Ukageuka mwekundu. Alitaka waone kumkum inavyotengenezwa, waone haina damu. Lakini walichoona ni kikongwe anageuza rangi mkononi mchana kweupe. Walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mtu akataja jina la Yesu. Kijana akainua tofali. Nikajua tumekwisha.

Mama Baraka ndiye aliyepita katikati yao, bado amefunga kitenge cha kupikia. Alikuwa akiimba kwaya kanisani kwetu, kila mtu alimjua kwa sauti yake. Alisimama mbele ya Ba akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi."

Ba akampa manjano na chokaa. Mama Baraka akasugua mwenyewe, taratibu, mkono akiwa ameuinua ili watu waone. Ikageuka nyekundu vile vile. Aliitazama, akawageukia.

"Manjano yametoka kwa Mama Sofi sokoni, na chokaa ndiyo mliyopaka nyumba zenu," akasema. "Kama ni uchawi, basi na mimi nimo. Nipigeni wa kwanza."

Hakuna aliyecheka. Ila lile tofali likashuka kidogo.

Ba akasema, "Mama Oliva yuko wapi? Aje karibu." Akasogea. Nilimwona uso wake na sikumtambua. Ba akamwambia, "Mwanao alikula nazi hapa, nilimpa mimi. Akasema asante, akaondoka. Zaidi ya hapo sijui. Ingia uangalie nyumba nzima. Vua viatu tu."

Watu wakanguruma waliposikia neno viatu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kwa nini viatu, Ba, kwa nini leo? Lakini Mama Oliva, bila kufikiri, akavivua. Nadhani mwili wake ulitii kwa sababu ulikuwa umeshawahi kuingia humu na kuvivua kabla, siku za Diwali, sikukuu yao ya taa, na siku za chai. Akaingia peku. Nikasikia anafungua chumba kimoja kimoja. Nikasikia mlango wa stoo.

Halafu akapiga ukelele. "Mtoto! Kuna mtoto huku!"

Ni mimi niliyekuweka pale, Hansa. Mpaka leo nikisikia mtu anaita mtoto kwa sauti kubwa, naacha ninachofanya na kutoka mlangoni. Watu walisukumana kuja mbele, kigoda cha Ba kikayumba, Mama Baraka akamshika. Na Mama Oliva akatokea amekukumbatia, wewe ni wa kijivu kuanzia nywele mpaka miguu, macho tu ndiyo yanayoonekana. Kwa kitambo kidogo kila mtu aliamini ni Oliva. Yeye mwenyewe aliamini. Alikuwa analia, anakupangusa uso kwa kiganja, anakuita jina la mwanawe. Saruji ikatoka, ukatokea wewe.

Umekuwa ukinisimulia kwamba unakumbuka nimekubeba mahali penye mwanga mkali, ninalia na kukubana mpaka unashindwa kupumua. Yule hakuwa mimi. Ni Mama Oliva.

Alikutazama, akanitazama. "Mbona umemlaza kule?"

"Nilimficha."

"Umemficha asionwe na nani?"

Nilitaka kusema uongo na sikuupata. "Na nyinyi," nikasema.

 Nyuma yake watu wa mbali wakaanza kuulizana imekuwaje. Sijui alifikiri nini. Aliendelea kukushika, hakukurudisha haraka, na mimi sikuthubutu kukudai.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa akafika na pikipiki, simu sikioni. Alikuwa amempata baba yake Oliva. Mtoto alikuwa ameondoka asubuhi na shangazi yake kwenda Lupembe, baba alimruhusu na hakumwambia mama kwa sababu walikuwa wamegombana. Mwenyekiti akaweka simu kwenye spika. Tukasikia sauti ya Oliva mwenyewe, anamuuliza mama yake kama anaweza kulala huko.

Watu waliondoka kama wanavyotoka kwenye mnada ulioahirishwa. Hakuna aliyeomba radhi. Mama Oliva akakuweka chini, akavaa viatu vyake, akaenda. Lile tofali tulilikuta ngazini.

Baba yako aliporudi na lori na kusikia, hakukasirika kwa sauti. Alitoa zile pilipili akazitupa. Akasema kuanzia leo mambo yetu yatakuwa ndani. Nikamuunga mkono kwa moyo wote. Tukahamishia picha na taa chumbani kwetu, tukaweka pazia. Diwali hatukuwasha taa nje wala hatukupeleka sahani za vitamutamu kwa majirani, jambo ambalo Ba alikuwa amelifanya tangu alipokuja kuolewa Makambako. Ba hakubishana. Alikaa nyuma ya pazia akasali peke yake. Nilidhani nimetuletea usalama. Katika makosa yangu yote ya kulea na kuendesha nyumba, hilo ndilo nililolifanya nikiwa na uhakika kuliko yote.

Watoto waliacha kuja. Wateja waliosimama kupiga soga waliacha kusimama. Siku moja Mama Baraka aliniambia, akichagua nyanya, bila kunitazama, "Mama Hansa, watu wanauliza siku hizi mnafanya nini kule ndani."

"Tunafanya yale yale."

"Zamani tulikuwa tunayaona," akasema. "Sasa hatuyaoni."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilikuwa nimeficha mambo ili watu wasiogope, kumbe hofu yao ilikuwa inalishwa na lile pazia.

Diwali iliyofuata Ba hakuuliza mtu. Alikaanga, akapanga sahani, akafunika kwa vitambaa safi, akakushika mkono. Mlikwenda mlango kwa mlango kwenye baridi, yeye na sweta lake la kiume, wewe na kitone chekundu kwenye paji la uso. Nilifuata kwa mbali, nikijifanya natafuta kuku. Kila mlango ulipofunguka nilinyoosha shingo nione. Wengine walipokea kwa mikono miwili. Mmoja alisema ahsante, tumeshakula. Ba akamwambia vyema, akaendelea. Mama Oliva alipokea. Kesho yake sahani ikarudi imeoshwa. Mpaka leo sijui kama alikula au alimwaga.

Ba alipofariki ulikuwa kidato cha pili, hayo unayakumbuka mwenyewe. Unakumbuka jinsi baba yako alivyotaka kufungua duka kesho yake, kwa sababu mafundi walikuwa wanasubiri mabati, na ndugu zake kutoka Iringa wakamkatalia. Siku kumi na tatu moto haukuwashwa jikoni kwetu. Alikaa kwenye mkeka, hana cha kufanya na mikono yake, majirani wanaleta ugali na maharage, wanakwaya wanaimba upande huu, wazee wa Kihindi wanaimba upande ule. Ilikuwa siku ya sita au ya saba alipoanza kulia. Wewe ulikasirika wakati ule, ukasema desturi hizi ni za watu wasio na kazi za kufanya. Nilikuacha useme. Lakini mimi namjua baba yako. Angefungua duka, angeuza bati na misumari mpaka leo, na kile kilio kingeoza ndani yake.

Siku ya mwisho Mama Oliva alikuja. Alivua viatu, akakaa karibu na picha ya Ba kwa muda mrefu, akaondoka kabla ya chakula. Sijui alikuja kuomba msamaha au alikuja kuhakikisha kama kweli amekufa.

Basi nikujibu. Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilifungua begi lako, ulimokuwa umekiweka kile kisanduku ukingoja jibu, nikakitoa kile kikopo cha kumkum nikakizika ndani ya ndoo ya unga wa sembe. Nilikiacha humo mpaka mchana. Nilipika, nikauza, nikawaza. Kisha nikakifukua nikakipangusa nikakirudisha. Usishangae ukikuta unga kwenye kifuniko.

Vichukue, Hansa. Ndimu na pilipili unaweza kuziacha, hata Ba hakujua zinafanya nini. Lakini taa ichukue, kwa sababu utakuwa na siku mbaya kule, na utahitaji kitu cha kukukalisha kimya kabla hujalala na sura za wagonjwa. Ukifika, usiiwashe ukiwa umejifungia. Fungua mlango kwanza. Waite wanawake wa jirani, wape chai, waambie hiki ni nini kabla hawajajiuliza. Wape wasugue manjano na chokaa wao wenyewe. Na ukisikia mmoja wao anasali, kaa naye, wewe pia una damu ya Matembwe.

Siahidi kwamba itatosha. Nimeyarudia mambo ya siku ile mara nyingi kichwani, na bado sijui kama tuliokolewa na Ba, na Mama Baraka, au na simu ya mwenyekiti ambayo ingeweza kabisa kukosa mtandao. Hilo ndilo linaloniamsha. Kwa hiyo nisikilize na hili pia. Siku ukiona macho ya watu yamebadilika, wakianza kuondoka kinyumenyume, usingoje ushujaa. Iache taa, iache picha, panda gari la kwanza linalopita, hata kama ni la viazi. Shaba inanunulika. Ba hatakasirika. Siku ile alikaa mlangoni kwa ajili yako na mimi tuliokuwa ndani, na angezitupa ndimu zote za dunia kama kuzitupa kungetosha.

Nasikia lori linapunguza mwendo pale kwenye kona. Baba yako atauliza kwa nini bado sijafunga duka na baridi yote hii. Bado ninaogopa, mwanangu, na kesho nitaogopa zaidi. Nenda.

Mama yako